Upinde wa babu: kuupaka verni ao kuuacha na alama zake?

LIKASI – Familia imefungua gunia la zamani. Ndani yake, kati ya blanketi na sufuria, kuna upinde wa babu. Umekuwa mweusi kwa moshi. Pale katikati, mkono uliposhika miaka mingi, mti umelainika na unang'aa. Ncha moja ina ufa mdogo. Kamba haipo tena. Kijana wa nyumba anasema: tuupeleke kwa fundi wa mbao, aupige msasa, aupake verni, kisha tuutundike salo uonekane. Mzee anajibu neno moja tu: muuache.

Ugomvi wa namna hii unaweza kuzuka Kikula, Panda, Shituru ao katika kambi yoyote ya watu waliohama makwao. Unaonekana kuwa jambo dogo. Lakini kwa familia iliyopoteza nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi, kitu kimoja kilichobaki si kitu kidogo. Ndiyo sababu inafaa kujua upinde ulikuwa nini katika nchi hii ya Katanga, kabla ya kushika msasa.

Neno la watu wote

Muluba anauita buta. Mubemba anasema ubuta. Kiswahili cha zamani kinasema uta, hata kama leo wengi wanasema upinde. Maneno hayo si ya kuazimana jana. Wataalamu wa lugha wanayaweka katika mzizi mmoja, uliokuwa katika lugha ya mababu wa Wabantu kabla hawajatawanyika. Maana yake ni kwamba mababu hao walikuwa na upinde tayari walipoanza safari zao, na watoto wao walibeba neno pamoja na kitu chenyewe.

Lakini tukichimba ardhi kuutafuta, hatuupati kwa urahisi. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1957. Walifungua makaburi ya watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walikuta vyungu vizuri, vyuma, na shaba, pamoja na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama mali. Mti huoza katika udongo wa maji. Chuma kinabaki, shaba inabaki, chungu kinabaki, upinde unakwenda. Kwa hiyo upinde wa mti unaishi mahali pamoja tu: katika mikono ya watu wanaoutunza. Mikono ikiacha, umekwisha.

Mwindaji aliyeleta ufalme

Wazee wa Baluba wanasimulia kwamba ufalme wao ulianza na mwindaji. Nkongolo Mwamba alikuwa mtawala mkali, asiye na adabu za kifalme. Kisha Mbidi Kiluwe akafika kutoka mashariki, akiwa katika safari ya kuwinda. Alikuwa mtu wa heshima, asiyekula mbele ya watu. Alioa dada za Nkongolo, na mtoto wake Kalala Ilunga ndiye alimshinda mjomba wake akaweka ufalme mpya. Hadithi inafanana na ile ya Balunda na Bachokwe juu ya Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Baluba akamwoa malkia Lueji. Jina lenyewe Chibinda linamaanisha mwindaji.

Kwa sababu hiyo upinde haukuwa chombo cha kutafutia nyama peke yake. Kwa wafalme wa Baluba ulikuwa alama ya ufalme. Wachongaji walitengeneza vitegemeo vya mti vyenye matawi matatu, na chini yake mwili wa mwanamke, ili mfalme aweke upinde na mishale yake. Vitegemeo hivyo havikuonyeshwa mbele ya watu. Viliwekwa katika nyumba ya pekee, pamoja na vitu vitakatifu vya wafalme waliokufa, na mwanamke mwenye cheo aliyeitwa Kyabuta alivilinda. Katika jina lake neno buta linasikika. Mfalme alipotoka mbele ya watu, Kyabuta alimfuata nyuma akishika kifuani kitegemeo kidogo cha chuma.

Hapa kuna funzo la kwanza kwa kijana anayetaka kutundika upinde salo. Katika mila ya Baluba, kitu chenye nguvu kilifichwa. Thamani yake haikutoka katika kung'aa machoni pa wageni. Ilitoka katika kujulikana na watu wachache walioaminiwa kukitunza.

Bunduki, kampuni na sheria

Katika karne ya 19 mambo yalianza kugeuka. Msiri, aliyetoka kwa Basumbwa katika Tanzania ya leo, alifanya Bunkeya kuwa makao makubwa. Aliuza pembe za tembo, shaba na watumwa. Alipokea bunduki na baruti. Katika sanamu nyingine za Bachokwe, Chibinda Ilunga mwenyewe, yule mwindaji wa zamani, ameshika bunduki. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Léopold II.

Kisha likaja shimo la madini. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910. Mji wetu ulikua kwa shaba na kwa viwanda vya Panda na Shituru, ukaitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Vijana waliokuwa wanafuata nyayo za swala sasa walifuata mlio wa king'ora cha kazi. Walitoka kwa Baluba, kwa Basanga, Kasai, Rodezia, Rwanda. Waliletewa unga na posho ya kambi. Upinde ukabaki kijijini, ao ukawekwa juu ya dari.

Sheria nayo ikafuata. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 ilipanga uwindaji na uvuvi katika Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 15 Mei 1939 hifadhi ya Upemba ikaundwa, na mwanakijiji aliyewinda pale walipowinda wazazi wake akawa mwizi wa nyama mbele ya sheria. Nchi huru nayo ilitunga sheria yake ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Si kusema kwamba sheria hizo hazina faida. Nyama wa pori wamepunguka sana, na bunduki za vita zimewamaliza kuliko mishale. Lakini ukitaka kujua kwa nini upinde wa babu una vumbi, jibu halipo kwa uvivu wa wajukuu. Bunduki, kampuni na sheria vilipita hapo.

Kitu kinachobebwa wakati wa kukimbia

Likasi inajua maana ya kukimbia. Kuanzia mwaka 1992, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao hapa mjini, hata zile ambazo watoto wao walizaliwa Katanga. Maelfu walijaa kwenye gare wakingojea gari moshi. Wengine walikufa pale pale ao njiani. Ni watu gani walipata nafasi ya kuchagua vitu vya kubeba?

Baadaye eneo la Mitwaba, Manono na Pweto likapata jina la pembetatu ya kifo, kwa sababu ya makundi yenye silaha na vita dhidi yao. Kisha, katika jimbo la Tanganyika, kuanzia mwaka 2013 na hasa 2016 na 2017, Baluba na Batwa walipigana. Vijiji vilichomwa, na mamia ya maelfu ya watu walihama. Katika vita hiyo watu wengi waliuawa kwa mishale. Jambo hili lazima lisemwe wazi. Kwa mtoto aliyemwona mzazi wake akianguka kwa mshale, upinde ukutani si pambo. Ni hofu. Familia inayoishi karibu na majirani wa upande wa pili ina sababu ya kuuficha, na hakuna aibu katika kufanya hivyo. Kyabuta naye aliuficha.

Ni kweli pia kwamba upinde wa kuwinda na upinde wa vita ni mti ule ule. Kinachoutenganisha ni historia yake: nani aliuchonga, alimpiga mnyama gani, alimgawia nani nyama. Historia hiyo ikipotea, unabaki silaha tu, ao kuni tu.

Msasa unaondoa nini

Turudi kwa fundi wa mbao. Fundi mzuri wa meza na vitanda anajua kazi yake. Lakini upinde si meza.

Kwanza, nguvu. Upinde unapovutwa, upande wa nje, ule unaotazama mnyama, unanyooshwa. Upande wa ndani, unaomtazama mwindaji, unabanwa. Aliyeuchonga alipunguza mti kidogo kidogo mpaka mikono miwili ya upinde ikapinda sawa. Nguvu ya mti kukataa kupinda inategemea sana unene wake. Ukitoa sehemu moja tu katika kumi ya unene, unapoteza zaidi ya robo ya nguvu. Mahali palipokuwa na milimita 20, msasa ukiacha 18, upinde huo si ule tena. Na kama upande mmoja umetolewa zaidi kuliko mwingine, upinde unakuwa kilema. Zaidi ya hapo, msasa unakata nyuzi za mti upande wa nje, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Pili, verni. Verni ni ngozi ngumu. Inafunika ufa bila kuuponya, hata mtu akadhani upinde ni mzima na kuuvuta. Katika kiangazi cha Katanga, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa inakauka na mti unanywea. Mvua zikianza, mti unavimba. Mti unacheza, verni haichezi vile vile, kisha inapasuka na kubanduka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ushahidi. Weusi ule ni moshi wa jiko la bibi. Ule mng'ao wa katikati ni jasho na mafuta ya kiganja. Mkwaruzo mdogo juu ya mahali pa kushika unaonyesha upande mshale ulipopita, na kwa hiyo mkono aliotumia babu. Alama ya kamba kwenye ncha inaonyesha kamba ilikuwa nene ao nyembamba. Kama kuna waya wa shaba umezungushwa, hiyo ni kazi nyingine ya nchi yetu. Bayeke walijulikana kwa ufundi wa kuvuta nyuzi za shaba. Ukiung'arisha kwa nguvu, unakula shaba yenyewe. Fundi anaweza kufuta yote hayo kwa nusu saa. Hakuna fundi anayeweza kuyarudisha.

Ulaya walifanya kosa hilo kabla yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wauzaji wa sanamu za Afrika katika miji kama Paris walivua sanamu nguo na kamba zake, wakasafisha matabaka ya sadaka, wakang'arisha mti ili wanunuzi waupende. Makumbusho mengi nayo yalipaka vitu vya mti dawa za kuua wadudu, hata zenye arseniki na DDT. Leo wataalamu wao wanafuata kanuni nyingine: fanya kidogo iwezekanavyo, na usifanye lisiloweza kuondolewa kesho.

Lakini babu mwenyewe aliupaka mafuta

Hapa kijana ana jibu, na jibu lake lina uzito. Anasema: babu hakuuacha hivi hivi. Aliupaka mafuta ya ngazi ao ya mnyama. Alibadilisha kamba ilipokatika. Alifunga ngozi mahali penye ufa. Aliutundika juu ya moto ili wadudu wasiule. Kwa nini yeye aruhusiwe kuutengeneza, na mjukuu akatazwe?

Ni kweli kabisa. Uzuri wa upinde wa zamani umetokana na kutengenezwa mara nyingi. Sanamu za Baluba zilizo katika makumbusho zimekuwa laini vile kwa sababu watu walizishika na kuzipaka mafuta kizazi baada ya kizazi. Mzee anayesema “usiguse” anasahau kwamba mababu waliugusa kila siku.

Tofauti ni hii: babu aliongeza, msasa unaondoa. Mafuta yake yaliingia juu ya mafuta ya jana. Kamba mpya ilikaa katika alama ya kamba ya zamani. Kila matengenezo yalifuata yaliyotangulia na hayakuyafuta. Tena, babu aliutengeneza kwa sababu alikuwa anautumia. Kila kesho yake upinde ulimpa jibu kama amefanya vizuri ao vibaya. Mjukuu anayepaka verni hatapata jibu hilo, kwa sababu hataupiga.

Kwa hiyo swali la kwanza si rangi. Ni kazi: upinde huu bado unafanya kazi gani? Kama mwenyewe yu hai na bado anautumia mahali sheria inaporuhusu, ni chombo chake. Autunze kama alivyofundishwa. Kama mwenyewe amekufa, upinde umebadilisha kazi. Sasa unakumbusha. Na kitu cha kukumbusha kinatunzwa kwa njia yake.

La kufanya nyumbani

Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi. Vumbi litolewe kwa brashi laini ao kitambaa kikavu. Maji na sabuni hapana. Upinde uliokwisha kupumzika hauhitaji mafuta, kwani mafuta ya jikoni hayakauki vizuri, yanavuta vumbi na kunuka. Usiwekewe kamba, na usivutwe kwa mchezo. Mti mkavu wa miaka mingi unaweza kuvunjika na kuumiza uso. Ulazwe juu ya misumari miwili ya mti, mbali na jua, na ukuta wenye unyevu, na mabati yanayovuja. Usiegemezwe pembeni, utajipinda.

Unga laini chini yake ni alama ya wadudu wanaokula mti. Upinde huo utengwe na vitu vingine. Penye frigo ya kugandisha na umeme usiokatika, unaweza kufungwa vizuri katika plastiki na kugandishwa wiki moja ao mbili. Penye umeme wa kukatika, ni afadhali kuukagua mara kwa mara.

Mishale ni jambo la hatari zaidi. Mishale ya kuwinda mara nyingi ilipakwa sumu, na sumu ya mimea kama Strophanthus haiishi nguvu haraka. Katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, daktari John Kirk aliona mapigo ya moyo wake yanabadilika kwa sababu mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo. Kutokana na mmea huo wanasayansi walitengeneza baadaye dawa ya moyo. Basi ncha ya mshale isipigwe msasa, isisafishwe kwa mkono mtupu, isishikwe na watoto. Ifungwe vizuri na kuwekwa juu.

Kisha lifanywe lile ambalo verni haiwezi kufanya. Picha zipigwe kwa telefone, pande zote. Karatasi ndogo iandikwe kwa kalamu ya risasi na kufungwa kwa uzi, bila gundi: jina la mwenyewe, kijiji, groupement, jina la mti kwa lugha ya nyumbani, mwaka ulipoletwa mjini. Na sauti ya mzee irekodiwe angali hai. Dakika kumi za mzee akieleza jinsi walivyogawa nyama ya nguruwe pori zina thamani kuliko kopo zima la rangi.

Mnunuzi akibisha mlango akitaka “vitu vya zamani”, familia isikimbilie pesa. Nchi ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali ya utamaduni. Vitu vingi vya kwetu vilikwenda bila ruhusa: mwaka 1884, karibu na ziwa Tanganyika, watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms walimuua shefu Lusinga wa Batabwa na kuchukua sanamu ya wazee wake, iliyofika baadaye katika makumbusho ya Tervuren. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Basuku, tena kwa mkopo. Kurudisha kitu kilichoondoka ni kazi ya miaka mia. Kukataa kisiondoke ni neno la siku moja.

Na kijana anayetaka upinde mpya wenye kung'aa? Asinyimwe. Amtafute mzee anayejua kuchonga, achague naye mti, ajifunze kupunguza kidogo kidogo mpaka mikono yote miwili ipinde sawa. Huo wa kwake aupake verni apendavyo. Wa babu ubaki na moshi wake. Familia ikirudi kijijini siku moja, mzee wa huko hatauliza kama unang'aa. Ataweka kidole gumba pale palipolainika katikati, na atauliza: huyu alikuwa mtoto wa nani?